Usipake Rangi Juu ya Kutu

Miongoni mwa wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili wamo waliotunza Land Rover za kale, nao huziosha na kuzipaka rangi mpaka zikang'aa. Sisemi wanafanya vibaya. Lakini yafaa tuwaulize: je, mmeinama kutazama chini?

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikafanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani mifupa ya gari, ni ya chuma, tena ina uwazi ndani kama sanduku refu. Matope na maji huingia mle yakakaa, na kutu huila kutoka ndani huku bodi ikibaki nzima. Ndivyo gari hili linavyomdanganya mwenyewe. Na kumbukeni kwamba injini, springi na ekseli vyote vimeshikwa na chasisi hiyo. Ikikatika njiani, wanaoumia ni abiria.

Mafundi wengine hupaka lami nyeusi juu ya kutu, gari likaonekana jipya. Kwa maoni yangu huko ni kuficha ugonjwa, si kuuponya. Kutu ni chuma kilichoungana na maji na hewa, nayo huvimba kuliko chuma chenyewe. Huisukuma lami mpaka ipasuke. Maji hupita katika ufa, yakakwama humo yasikauke.

Afadhali tufanye hivi. Baada ya safari ya matope, au ukisharudi kutoka Mombasa kwenye hewa ya chumvi, osha chini ya gari kwa maji safi. Zibua kwa waya matundu ya kutolea maji. Panapoanza kutu, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kwanza yenye zinki, kisha rangi ya juu. Chasisi ikikauka, nyunyizia ndani yake nta au oili nyepesi. Palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya. Mwenye fedha na aichovye chasisi nzima katika zinki iliyoyeyushwa, kwani zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika.

Kazi hii haionekani, wala hakuna atakayekusifu kwayo. Lakini ninyi vijana mtakaokuwa mafundi, msikubali ujira wa kuficha kutu. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Hapa kifo chenyewe ni cha watu wengine.