Programu za kupendekeza: ile mupya inashinda kweli ile ya zamani?

LUBUMBASHI – Mutu wa Katuba anaangalia video moja kwenye telefone, na papo hapo zingine kumi zinamufuata. Kazi hiyo inafanywa na programu za kupendekeza, zenye kukisia kitu mutu atapenda kufuatana na vile yeye na wengine walichagua mbele.

Moja ya njia zake ni grafu. Kila mutu ni nukta, kila kitu ni nukta, na mustari unaunganisha mutu na kitu alichochagua. Programu inafuata ile mistari ili kupata watu wa ladha moja. NGCF ya mwaka wa 2019 na LightGCN ya 2020 zinajulikana sana, na kila mwaka mupya inatangazwa kuwa inashinda zingine.

Lakini mutu mwengine akirudilia jaribio, atapata matokeo yale yale?

Mwaka wa 2019, kwenye mukutano wa Copenhagen, Maurizio Ferrari Dacrema, Paolo Cremonesi na Dietmar Jannach walionyesha matokeo ya kuchunguza programu 18 za akili bandia. Ni 7 tu ndizo waliweza kuzirudilia bila shida kubwa. Kati ya hizo, 6 zilishindwa mara nyingi na njia nyepesi za zamani.

Mwaka wa 2023, Vito Walter Anelli na wenzake wakapima programu 6 za grafu. Matokeo yalirudilika, hiyo ni habari nzuri. Ila njia za zamani, zikipangwa vizuri, zilishindana nazo. Na kwenye data mbili ambazo hazikuzoeleka, mambo yalibadilika tena.

Hapo ndipo jambo linagusa Lubumbashi. Data zenye kutumiwa sana ni za vitabu vya Amazon, za Yelp, na za Gowalla, iliyofungwa mwaka wa 2012. Soko ya Kenya ao ya Ruashi haimo.

Kwa mwanafunzi wa UNILU ao kijana mwenye kutaka kutengenezea wachuuzi programu, kukosea hapa ni kupoteza feza. Programu nzito inaomba mashini ya bei na umeme wa saa nyingi, na hapa umeme unakatika kila wakati. Ile nyepesi inaweza kutembea kwenye kompyuta ya kawaida. Basi aanze na nyepesi, apime na data za hapa, na aache kodi wazi ili mwengine ahakikishe.