Hakuna Ulichogundua

Kwenye daftari la mama mmoja anayeuza chakula jirani na chuo chetu, mimi sina jina. Nimeandikwa "Mnyakyusa wa koti la bluu". Juu yangu yupo "Mrefu wa sheria", chini yangu "Dada wa hosteli ya pili", halafu kuna mtu aliyeandikwa "Yule" basi, na mbele ya huyo Yule kuna 22,000. Nilihitimu shahada ya kwanza mwaka 2021 nikiwa nadaiwa sahani ishirini na tano za wali maharage, kila sahani 1,500. Pigeni hesabu wenyewe.

Nimeanza na deni langu kwa makusudi, ili mtakapoona nawasema wenzangu msidhani najisema mimi msafi. Ninalotaka kuligombeza ni neno moja: kugundua.

Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa darasa la umahiri alirekodi video ya dakika moja akiwa amekaa kwenye benchi la mama huyo. Ni mtu mwema, na natumaini akisoma haya bado ataniazima laptopu yake. Anashika kijiko, anafumba macho, anasema: "Jamani, nimegundua kijiwe." Kisha anakiita almasi iliyofichwa. Kamera inapita juu ya chungu cha maharage, juu ya ndizi zilizolainika ndani ya mawese, juu ya mikono ya mama. Uso wa mama hauonekani. Mwishoni anaweka ramani, na watu elfu kadhaa wanampa kopa nyekundu.

Almasi iliyofichwa. Imefichwa na nani? Mama yule amepika katika mji huu tangu sijajua kusoma. Wamekula kwake madaktari, mahakimu na angalau mbunge mmoja ambaye sitamtaja. Ikifika saa saba mchana sufuria zinasafishwa kwa maganda ya mkate. Kama alikuwa amefichwa, basi amefichwa machoni pa wenye gari tu.

Shule ya msingi kule Makwale tulifundishwa kwamba Livingstone aligundua Ziwa Nyasa mwaka 1859. Tuliandika, tukapata vema. Kutoka kwetu kwenda ziwani ni mwendo mfupi wa bodaboda, na sote darasani tulikuwa na mababu waliozaliwa na kuvua humo, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza. Hata jina lenyewe ni kichekesho: nyasa maana yake ni ziwa, kwa hiyo ramani zetu zimeandika Ziwa Ziwa. Mwaka 1879 akaja Joseph Thomson upande wetu wa kaskazini, akaona migomba na vijiji vilivyofagiliwa, akaandika kana kwamba ameingia peponi. Sifa nyingi, nzuri kabisa. Miaka michache baadaye ikaja bendera ya Wajerumani. Simfananishi rafiki yangu na mkoloni, anaogopa hata mgambo. Nasema tu kwamba mtu akikusifu huku akisema amekugundua, mchunguze anachokuja nacho nyuma.

Hiki ndicho kilichokuja nyuma ya video. Lakini lazima nirudi kidogo.

Mama alikuwa nje ya uzio wa chuo, chini ya mwembe, hatua arobaini kutoka kwenye bomba la maji lililo ndani ya uzio. Mwishoni mwa 2021 nchi nzima iliingia kwenye zoezi la kuwahamisha wamachinga kutoka maeneo yasiyo rasmi, na mwembe ule ukagundulika kuwa si rasmi. Meza zikaondolewa asubuhi moja. Tuliokuwa tumehitimu miezi michache kabla tulipata habari kwenye kundi la simu. Tukaandika "daah", "inauma", tukaweka vikatuni vya kulia. Watu sabini na kitu ndani ya kundi lile. Wengi wetu tulikuwa kwenye daftari.

Akahamia uchochoroni, kwenye baraza la nyumba ya mtu, kwa kodi ya mwezi. Wanafunzi wakamfuata. Mimi niliporudi kusoma umahiri nilijua alipo, na muhula mzima wa kwanza nilizunguka njia ya mbali ili nisipite pale. Nilikula chipsi. Yule rafiki aliponiuliza chakula cha kwetu kinapatikana wapi, nilimwelekeza nikiwa nimesimama kona, kwa kidole. Almasi nilimwonyesha mimi, kwa aibu ya 37,500.

Baada ya video yakaja magari. Mwenye nyumba akaona magari, akapandisha kodi mara mbili. Mama akapandisha wali, na wale wa pasi ndefu, wanaokula mara moja kwa siku na kuifanya ifike hadi usiku, wakahama. Wenye magari nao baada ya wiki sita wakagundua pengine. Kodi haikushuka.

Sasa mniruhusu nizungumzie mikopo, maana hapo ndipo kwenye kiini, na ndipo video zote za chakula zinapofumba macho pamoja na mlaji.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Nilipokuwa shahada ya kwanza, bumu la chakula na malazi lilikuwa 8,500 kwa siku. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 likawa 10,000. Fedha hizo hazishuki kila asubuhi kama mana. Zinakuja kwa mafungu, na fungu lina tabia zake. Kuna wiki mbili, kuna wiki tatu, ambazo mtaani hakuna mwanafunzi mwenye hela, na wakati huohuo hakuna mwanafunzi aliyekufa njaa. Nani aliwalisha? Daftari. Mama mmoja, asiye na mtaji unaozidi gunia la mchele na mtungi wa gesi, anawakopesha vijana mia bila dhamana, bila riba, bila namba ya mtihani wa kidato cha nne. Anaandika "Mrefu wa sheria" na anageukia sufuria.

Ukipata ajira, Bodi inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ina sheria, ina mwajiri wako, ina kompyuta. Mama ana kalamu. Bodi ya kwanza ikikudai unatetemeka. Ya pili ikikudai unabadilisha njia. Halafu siku moja unarudi na simu nzuri, unakaa kwenye benchi lake, unawaambia walimwengu umegundua kitu.

Na mnyororo hauishii uchochoroni. Mchele wa mama unatoka Kyela, mara nyingine unatoka kwetu Makwale kabisa. Makwale ni nchi tambarare, maji na tope, mpunga hapa, michikichi pale, mikakao chini ya migomba. Watoto wanafyonza utamu mweupe wa tunda la kakao na kutema mbegu uani, mbegu ambazo mama zao wanaziokota na kuzianika. Mpunga unavunwa mvua zikipungua. Ada ya chuo haisubiri mvua zipungue. Mwaka wangu wa pili mama yangu mzazi aliuza magunia matatu yakiwa bado majani shambani, kwa nusu ya bei ya mavuno, na mnunuzi alipokuja kuchukua alikuja na magunia ya lumbesa, yale yenye kichwa cha kushonea juu kama kilemba. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Waliosema hivyo hawakuwepo kwenye uwanja wetu wa kupepetea.

Kwa hiyo ule mchele nilioukopa chini ya mwembe, huenda mama yangu alikwisha kuukopea kabla haujatoa suke. Wanawake wawili wasiojuana, wote wawili wananikopesha sahani ileile. Ladha ya mchele wa Kyela, ule mnuko unaofika mlangoni kabla yako, watu wameusifu sana, na Dar es Salaam kila duka la pili lina kibao kinachodai linauza huo. Kama vibao vyote vingekuwa vya kweli, wilaya yetu ingekuwa kubwa kuliko mkoa. Jina linasafiri mbali. Mama yangu bado anauza mpunga ukiwa majani.

Najua mtakalojibu, kwa sababu rafiki yangu amekwisha kunijibu, tena kwa adabu. Alisema: "Kaka, mimi nimemtangaza bure. Si ni bora wateja waongezeke?"

Hapana, si lazima iwe bora. Mama hakuwa na shida ya wateja. Shida yake ni mahali pa kuweka jiko ambapo hakuna mtu wa kumwondoa kesho. Shida ya pili ni maji. Ya tatu ni sisi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na kopa nyekundu. Kama ungetaka kweli kumtangaza, ungeonyesha bomba, ungehesabu zile hatua arobaini mbele ya kamera, ungeuliza kwa nini uzio upo kati ya bomba na chungu. Hapo usingepata watazamaji elfu. Pengine ungepata barua.

Wapo pia watakaosema habari ya usafi. Kipindupindu kilipozuka mwaka 2015, wauza chakula wa barabarani walikuwa wa kwanza kufukuzwa, na sidharau kipindupindu, kwetu bondeni maji yakifurika tunakijua kwa jina. Lakini mtu akikosa maji dawa yake ni maji. Kumpeleka mbali zaidi na bomba halafu kumlaumu kwa uchafu ni hesabu ambayo hata "Yule" asingeikubali.

Kinachonichoma zaidi ni hiki kitu kinachoitwa chakula cha asili. Nilikutana na mbalaga kwenye hoteli moja, kwenye kile wanachoita usiku wa utamaduni. Ndizi nne kwenye sahani nyeupe, jani la kotimiri juu, shilingi 12,000. Mhudumu alinieleza mimi, mtoto wa Makwale, kwamba hiki ni chakula cha kabila moja la kusini. Nilimjibu "ndaga", hakuelewa, akadhani naagiza soda. Nyumbani mbalaga haina jina la heshima. Ni chakula. Zinapikwa na maharage au na nyama siku ikiwa njema, kwenye chungu cha Wakisi kilichopandwa nacho mtumbwi kutoka Ikombe hadi sokoni, na ukikuta imeungua chini unagombania ukoko na ndugu zako. Na mbasa, yule samaki anayepanda mitoni kutaga wakati wa mvua, nyumbani tulimla bila kupiga picha. Mama anasema siku hizi anakuja mdogo na kwa nadra, watu wanaziba midomo ya mito kwa nyavu. Mjini namwona kwenye orodha ya vyakula kama "samaki wa asili wa ziwani, kutegemea upatikanaji". Upatikanaji! Kuna kilio kizima ndani ya neno hilo, na limepigwa chapa kwa herufi za mapambo.

Sina ugomvi na mtu kufurahia chakula. Mimi mwenyewe nikipata usipa wa kukaanga na ugali wa moto siwezi kuzungumza hadharani. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma, tunaojua kuandika nadharia tete na tanbihi, tunaoweza kutaja waandishi ishirini kwenye pendekezo la utafiti, lakini tukifika kwa mama tunaandika "mama mmoja mtaani". Kwenye tasnifu huo ni wizi na unarudishwa mwaka. Na kama chuo kikitangaza zabuni ya vibanda ndani ya uzio, kinataka leseni, taarifa za benki za miezi sita, na barua za kiingereza. Sisi ndio tunaoweza kuandika barua hizo. Zingetuchukua mchana mmoja. Hatukuandika. Tulirekodi.

Nilikwenda kwake wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, wakati hakuna watu wengi. Nilikuwa nimelipwa kidogo kwa kazi ya kukusanya dodoso. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, miwani ikiwa puani.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Chakula bado."

Nikamwambia sikuja kula. Nikamweleza mwaka, mwembe, koti. Akanitazama muda mrefu. Akasema koti analikumbuka, mwenye koti hapana, alikuwa mwembamba. Akatoa mfuko wa plastiki chini ya benchi, ndani kuna madaftari manne. La mwaka wangu lilikuwa limelowa siku ile meza zilipoondolewa. Kurasa zimegandana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Tulijaribu kuzibandua. Tulimpata "Yule", na nusu ya "Mrefu". Mstari wangu ulikuwa wino tu uliosambaa.

"Unasema ulikuwa unadaiwa ngapi?"

"Elfu thelathini na saba na mia tano, mama."

Akarudisha daftari kwenye mfuko, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Weka hamsini," akasema. "Ukoko ulikuwa unauomba kila siku, na sikuuandika."

Nikaweka hamsini.