Vueni viatu hivyo kwenye chupa za wazamiaji

Leo tunasema juu ya kitu kidogo: kile kiatu cha mpira au plastiki kinachovishwa chini ya chupa ya hewa ya mzamiaji. Wenye vifaa wanakisifu sana. Sisi tunasema kivuliwe.

Kama unajiuliza hilo linamhusu nini mtu aliyekimbia vita na kulala chini ya bashi, kumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Meli MV Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wa ufukweni wakiona kwa macho. Barabara ya Goma hadi Minova ilikuwa imekatwa na mapigano, ndiyo sababu watu walijazana majini. Siku kama ile anayeshuka chini kutafuta wapendwa wetu ni mzamiaji, na pumzi yake imo ndani ya chupa.

Wengi huiita chupa ya oksijeni, lakini kwa kawaida hujazwa hewa hii hii tunayopumua, ikashindiliwa. Chupa ya lita 12 ikijazwa hadi bari 200 inabeba lita 2,400 hivi. Bari 200 ni kama mara 100 ya presha ya gurudumu la pikipiki. Chuma kinachozuia nguvu hiyo hakifai kuliwa na kutu mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Na kiatu kinaficha mahali hapo. Maji na mchanga vinaingia kati ya mpira na chuma, na havitoki. Mchanga unakwangua rangi, unyevu unabaki siku kwa siku. Kwa nje chupa inang'aa, kitako kinaoza. Watu wa bahari wanalijua zaidi kwa sababu ya chumvi yao. Lakini mtu asituambie kwamba ziwa letu halina hatari eti maji yake si ya chumvi. Maji yoyote yakifungiwa kwenye chuma kilichokwaruzwa huleta kutu.

Wanaotetea kiatu wana hoja moja ya kweli. Chupa nyingi za chuma zina kitako cha mviringo, haziwezi kusimama zenyewe, na mawe yetu ya volkano yanakwaruza rangi. Sawa. Ila mkwaruzo ulio wazi unaonwa na kupakwa rangi upya. Kutu iliyo chini ya mpira utaiona lini? Na chupa za aliminyumu zina kitako bapa, zinasimama bila msaada wowote. Hapo kiatu ni cha nini? Mara nyingi kinalinda vigae vya bwawa la kuogelea, na Kituku hakuna vigae.

Tena huko kusimama kwenyewe ni tatizo. Boti inayumba. Chupa ya kilo 15 ikikuangukia mguuni huna mguu siku hiyo, na ikiangukia robine inaweza kuiharibu wakati kazi haijaanza. Ilazwe, ifungwe kamba, basi.

Anayeng'ang'ania kiatu kwenye chupa ya chuma, achague chenye matundu ya kupitisha maji, akivue baada ya kila kazi, asuuze chupa na kuikausha. Kama hana muda wa kufanya hivyo, hana sababu ya kuwa nacho.

Kwa viongozi na mashirika wanaotaka kuleta vifaa vya uokoaji ziwani: leteni chupa bila viatu, zenye tarehe ya kupimwa. Katika nchi nyingi kipimo cha presha hufanywa kila miaka 5, na tarehe yake hugongwa kwenye bega la chupa. Hata nahodha wa mtumbwi anaweza kuisoma. Tunaomba wenye bandari, Kituku na Minova pia, waisome kabla chupa haijapakiwa.