Kwani Bodi ya Sakiti Lazima Iwe na Pembe Nne?

Muhula huu mabishano yamekuwa mengi katika kikundi chetu cha elektroniki. Wengine wasema kwamba bodi ya sakiti ni kipande cha pembe nne tu, na kwamba mwanafunzi anayetaka kuikata kwa umbo la duara, la ngao au la ndege anachezea mali ya shule. Tena wasema kwamba wanafunzi wa Sanaa hawana kazi katika kikundi hicho. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza yafaa kujua bodi yenyewe ni nini. Ni ubao mwembamba wa nyuzi za kioo na gundi ngumu, mara nyingi wenye unene wa milimita 1.6, uliobandikwa utando wa shaba wa mikromita 35 hivi. Shaba isiyotakiwa huliwa na dawa, na ile inayobaki ndiyo njia ya umeme. Katika kazi ndogo kama zetu, umeme haujali kama ubao ni wa pembe nne au wa duara. Wataka tu njia isikatike, iwe na upana wa kutosha, wala isiguse njia nyingine. Wazee wetu waliosoma hapa zamani, waliopata kufungua redio za miaka ya 1960, huenda wakakumbuka kwamba njia za shaba zilipinda kama mito. Zilichorwa kwa mkono wa mtu. Baadaye programu za kompyuta zikapendelea mistari iliyonyooka, nasi tukadhani kwamba hiyo ndiyo sheria.

Siku hizi mkono wa mchoraji umepata nafasi tena. Iko programu ya kuchora kwa vekta iitwayo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hupatikana bure. Mchoro wa vekta si madoa ya rangi, bali ni mistari yenye vipimo, hata milimita 40 hubaki milimita 40. Mchoraji huchora ukingo wa bodi, kisha hupeleka faili katika KiCad, programu nyingine ya bure, na kuuweka katika tabaka la ukingo. Hapo mwenzake wa Fizikia hupanga vipande na njia zake. Lakini mstari wa ukingo lazima ufungike, mwisho wake ukutane na mwanzo. Ukiacha upenyo hata mdogo, programu husema bodi haina ukingo kamili. Nani basi atasema kwamba kuchora huku ni mchezo? Huko Uingereza Saar Drimer wa kampuni ya Boldport alitunga programu yake mwenyewe, PCBmodE, ili bodi zipangwe kwa msaada wa Inkscape, na bodi zake zajulikana kwa mikunjo yake.

Wapinzani wangu wanayo hoja moja ya kweli, nami sitaificha. Pembe nne ni rahisi. Bodi nyingi za namna hiyo hupangwa katika ubao mmoja bila mabaki mengi. Umbo la kupinda huacha mabaki, hutaka msumeno mwembamba, tupa na subira. Hata hivyo, vumbi la nyuzi za kioo ni baya kwa mapafu ya kila akataye ubao huu, kwa umbo lolote, na barakoa ni lazima. Kwa hiyo sisemi kwamba kila bodi ikatwe kama ua. Nasema umbo litokane na kazi.

Mathalani, tukitaka kengele ya kutujulisha kwamba tangi la maji limejaa, kifuniko cha tangi ni duara. Bodi ya duara hukaa ndani ya kifuniko hicho, na ile ya pembe nne hudai sanduku lake la pekee, ambalo gharama yake yaweza kupita ya mabaki. Tena, ni nani hapa Kamwokya asiyewajua mafundi wa simu? Simameni kidogo mtazame simu ikifunguliwa. Bodi yake mara nyingi imekatwa upande huu ili betri ipate nafasi, na upande ule ili kamera ipite. Aliyeikata hivyo hakuwa akitafuta urembo.

Au nendeni Jumba la Makumbusho la Uganda, katika Barabara ya Kira, karibu nasi kabisa. Tazameni ngoma na vinanda vya nyuzi vilivyomo. Umbo la ngoma ni sehemu ya sauti yake. Fundi aliyeitengeneza hakuulizwa kwanza kama yeye ni mtu wa Sayansi au wa Sanaa. Na Makerere je? Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na leo shule yenye jina lake imo katika koleji moja na wahandisi. Ikiwa chuo kikuu hakioni aibu kuwaweka pamoja, sisi tunajenga ukuta wa nini kati ya mwenye PCM na mwenye Sanaa?

Basi natoa maombi matatu. La kwanza, mlango wa kikundi ufunguliwe kwa wanafunzi wa Sanaa kuanzia muhula ujao. La pili, kazi ya kwanza iwe beji ya umbo la ngao ya shule, yenye taa moja ndogo, itakayotengenezwa na wanafunzi wawili wawili, mmoja mchoraji na mmoja wa Fizikia. Hapo tutaona kama mali ya shule imechezewa. La tatu nawaomba wazee wetu waliokwisha maliza hapa: programu hizi hazina ada, lakini kompyuta zetu ni chache, na foleni ni ndefu. Mwenye kompyuta nzima asiyoitumia atukumbuke.

Vijana wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Anayepinga na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa heshima.

Mwanafunzi wa S.6