Fundi wa umeme alipwe, lakini kwa karatasi na baada ya kupima

RUMANGABO – Kituo cha Matebe, karibu na mji wa Rutshuru, kilizinduliwa mwezi wa Desemba 2015 na kina uwezo wa megawati 13,8. Nyaya zake zinafuata njia ya Goma. Lakini nguzo kupita mbele ya mlango siyo kuwa na mwanga ndani ya nyumba. Kwa kawaida kampuni inafikisha umeme mpaka kwenye kompteri. Kutoka kompteri mpaka kwenye taa ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wake, na hapo ndipo ugomvi unaanzia.

Ugomvi wenyewe unajulikana. Familia imerudi toka kambini, imekuta nyaya zimekatwa na prizi zimeng'olewa. Inaita fundi. Fundi anataja bei kwa mdomo, anachukua pesa yote ya vifaa, anasema anaenda kununua Goma. Siku tatu, wiki, simu haipatikani. Ama anarudi na waya mwembamba, anawasha taa moja, anadai malipo yake. Mwezi haujaisha, prizi inanuka kuungua. Katika nyumba ya mbao, harufu hiyo ni hatari kwa watoto wote waliolala ndani.

Fundi naye ana kilio chake. Amefanya kazi siku mbili, taa zote zinawaka, na kila akifika kudai anaambiwa «rudi kesho» mpaka anachoka. Huyo naye ana watoto, na huenda naye amerudi toka kambini.

Dawa ya pande zote mbili ni moja: karatasi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kazi waandike taa ngapi, prizi ngapi, mita ngapi za waya, unene wake, siku za kazi na bei. Pesa ya vifaa iandikwe mbali na pesa ya mikono ya fundi. Mwenye nyumba, ama mtoto wake mkubwa, aende dukani pamoja na fundi na abaki na risiti. Kwa taa, waya wa 1,5 unatosha; kwa prizi adai wa 2,5. Waya mwembamba kwenye prizi unapata moto pasi ikichomekwa, na ndio unaoleta hasara.

Malipo ya mikono yagawanywe mara tatu: kidogo ya kuanza, sehemu wakati nyaya zimepita, na iliyobaki baada ya kupima. Kupima siyo kuwasha taa moja. Wawashe zote, wajaribu kila prizi, waache pasi nusu saa halafu waguse waya wake na prizi kwa nje: visiwe na joto kali. Kama kuna dijonkta yenye kidude cha kujaribu, wakibonyeze. Umeme ukatike papo hapo. Waulize pia waya wa ardhi umefungwa wapi. Ardhi ya huku ni mawe ya volkano, kuchimba ni jasho, na fundi mvivu anaweza kuuruka.

Wengine watauliza: mtu aliyerudi bila hata sufuria atatoa wapi pesa ya dijonkta? Swali ni la haki. Basi afunge taa mbili na prizi moja vizuri, kuliko nyumba nzima vibaya. Vyumba vingine vingoje mavuno ya maharagi. Mpangaji naye asitoe pesa kabla mwenye nyumba hajasaini kwamba itakatwa kwenye kodi, maana siku akihama nyaya zinabaki ukutani.

Viongozi wa vijiji na wa kartie wanaweza kusaidia bila kungoja mradi wa mtu. Waweke daftari moja lenye majina ya mafundi wanaojulikana, na wakubali kuwa mashahidi wa mapatano bila kudai kitu. Fundi akitoroka, ijulikane. Mwenye nyumba akikataa kulipa kazi iliyopimwa, naye aitwe.

Fundi mwema haogopi kuandika, maana karatasi hiyo hiyo inalinda jasho lake. Anayekataa kuandika, aachwe aende kabla hajagusa pesa ya mtu.