Barua ya "Kapumzike Nyumbani"

Mfanyakazi ametoka hospitali. Presha imetulia, dawa anameza kwa saa, na daktari amemwandikia aanze kazi nyepesi. Anafika ofisini anakabidhiwa bahasha: kwa kuwa ana ugonjwa wa moyo, mkataba unasitishwa ili akapumzike nyumbani. Barua za namna hii huandikwa kwa maneno ya huruma, lakini ni uonevu.

Zipo kazi zisizomfaa kila mgonjwa, hilo halina ubishi. Dereva anayezimia ghafla hawezi kukabidhiwa basi lenye abiria. Mwajiri naye ana haki ya kuogopa mtu kumwangukia kazini.

Tatizo ni hayo mapumziko yenyewe. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wa miaka 20 kwa wiki tatu. Vijana haohao walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilibainika kuwa zile wiki tatu zilikuwa zimeushusha uwezo wa miili yao kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Na hao walikuwa wazima! Sasa mwenye moyo unaosukuma damu kwa shida akikalishwa kwenye kochi mwaka mzima, atabaki na nini? Misuli ya mapaja inanyong'onyea, kupanda ngazi chache kunamwacha akihema, halafu walewale waliomkalisha wanasema: si mnaona, huyu hawezi kazi. Utafiti wa HF-ACTION, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha wagonjwa 2,331 ambao mioyo yao imeshindwa kusukuma damu ipasavyo, ulionyesha kwamba mazoezi yaliyopangwa ni salama kwao. Kama mgonjwa huyo anaweza mazoezi, nani amesema hawezi kukaa kaunta akahudumia wateja?

Sheria ya Tanzania haikuacha jambo hili kwa hisia za bosi. Inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri azungumze na mfanyakazi, na aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa, kabla ya kumwachisha. Kumwondoa zamu ya usiku, kumhamishia ghorofa ya chini, kumpunguzia saa: yapi kati ya haya yanaifilisi kampuni? Kusaini barua bila hata kumuuliza daktari ni uzembe, na anayeulipia ni mgonjwa.

Aliyeachishwa kwa barua kama hiyo asikae nayo kabatini. Malalamiko yanapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.