Kabla hujalipia godoro la "oganiki": lipa kwa unachoweza kupima

Siku hizi ukitafuta godoro kwenye simu, sponji ya kawaida huioni tena. Tangazo la kwanza ni "lateksi", la pili ni "haibridi", la tatu ni "oganiki", na la nne limebeba maneno yote matatu pamoja na picha ya jani la kijani. Bei nayo imepanda, mpaka godoro moja linaweza kula kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Na pale chini kabisa kuna namba ya simu na maneno: "Lipa leo, ofa inaisha usiku."

Kazi yetu sisi ni malipo. Ukilipa kupitia kwetu tunapata ada, kwa hivyo huenda ukashangaa tukikuambia usiharakishe. Lakini msimamo wetu ni huu: neno "oganiki" kwenye tangazo, peke yake, halina thamani hata ya shilingi moja. Thamani iko kwenye cheti, kwenye unene wa tabaka la lateksi na kwenye uzito wa godoro lenyewe. Usipoonyeshwa hivyo vitatu, lipa bei ya sponji nzuri, usilipe bei ya mpira.

Ndani ya godoro hili kuna nini?

Godoro la haibridi lina sehemu mbili. Chini kuna springi za chuma, mara nyingi kila moja ikiwa ndani ya kifuko chake cha kitambaa. Juu kuna tabaka laini. Tabaka hilo likiwa la lateksi, ndipo linaitwa lateksi haibridi. Springi hubeba uzito na kupitisha hewa, nayo lateksi hupokea mabega na nyonga. Mwenzako akigeuka usiku, springi za vifuko hazikutikisi kama zile za zamani zilizofungwa pamoja kwa waya.

Lateksi ya asili ni utomvu wa mti wa mpira. Utomvu huo hupigwa mpaka utoe povu, humwagwa kwenye kalibu, kisha huivishwa kwa joto hadi ushikane. Kuna njia mbili zinazotajwa sana: Dunlop, iliyoanza mwaka 1929, na Talalay, ambayo huongeza hatua ya kuvuta hewa na kugandisha kwa baridi. Kwa kawaida Dunlop huwa nzito na imara zaidi, na Talalay huwa nyepesi na laini. Zote mbili ni nzuri. Usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya jina tu.

Jambo linalobadilisha bei kwelikweli ni chanzo cha mpira wenyewe. Kuna lateksi ya asili, kuna ya kutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, na kuna mchanganyiko wa hizo mbili. Wauzaji wengi huziita zote "lateksi" bila kufafanua. Kwa hivyo swali lako la kwanza liwe: asilimia ngapi ni ya asili? Asiyejua jibu hajui anachouza.

Lateksi ya asili kwetu hapa Kenya hufika kwa meli, kutoka nchi kama Sri Lanka, India na Thailand. Kabla ifike dukani imeshalipiwa nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana godoro la lateksi ya asili linalouzwa kwa bei ya sponji ni la kutiliwa shaka.

Na tusisahau kwamba chuma hakilimwi. Zile springi haziwezi kuwa oganiki hata muuzaji aape. Kwenye haibridi, kinachoweza kuwa oganiki ni lateksi na kitambaa cha juu, yaani pamba au sufu. Neno hilo likibandikwa kwenye godoro zima, uliza ni tabaka gani hasa linalozungumziwa.

Cheti ni cha nini hasa?

Vyeti vitatu ndivyo utakavyokutana navyo zaidi, na kila kimoja kinasema jambo lake.

GOLS ni cha lateksi. Kinadai zaidi ya asilimia 95 ya malighafi iwe ya oganiki iliyothibitishwa. GOTS ni cha kitambaa, kama pamba na sufu. Bidhaa inaweza kuitwa oganiki chini ya cheti hicho ikiwa na nyuzi za oganiki asilimia 95 au zaidi, na kuna daraja la chini linaloanzia asilimia 70. OEKO-TEX Standard 100 hupima kama bidhaa ina kemikali zenye madhara. Hicho ni kizuri kuwa nacho, lakini hakisemi chochote kuhusu kilimo. Hata kitambaa cha nailoni kinaweza kukipata.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Muuzaji anaweza kukuonyesha cheti cha kweli kabisa, kumbe ni cha kitambaa cha juu tu, na ndani kuna sponji ya kawaida. Cheti kikiletwa, soma mambo matatu: jina la kampuni iliyopewa, bidhaa iliyotajwa, na tarehe ya mwisho. Vyeti hivi vina namba, na namba inaweza kutafutwa kwenye intaneti. Picha ya nembo bila namba ni pambo.

Kwa magodoro ya hapa nchini, angalia pia alama ya ubora ya KEBS. Chini ya alama huwa kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe wenye SM#, ikifuatwa na namba hiyo, kwenda 20023 uone imetolewa kwa nani. Ujumbe mmoja unaweza kukuepusha na hasara kubwa.

Mizani haidanganyi

Hauhitaji maabara. Unahitaji futi ya fundi, mizani, na muuzaji anayekubali kufungua zipu.

Lateksi ya asili ni nzito, mara nyingi kati ya kilo 60 na 90 kwa mita moja ya ujazo. Tuchukue godoro la futi 5 kwa 6. Tabaka la lateksi la inchi 3 peke yake linapaswa kuwa na uzito wa kati ya kilo 13 na 19, bila kuhesabu springi. Tabaka la inchi 1 ni kilo 4 hadi 6 tu. Yote mawili yataandikwa "lateksi haibridi", lakini si kitu kimoja. Kwa maoni yetu, tabaka lililo chini ya inchi 2 halistahili kukulipisha zaidi. Ukilalia, mwili unalipita na kufikia kilicho chini. Na kama kijana mmoja analipandisha godoro zima la springi hadi ghorofa ya nne kwa mkono mmoja huku akipiga simu, uliza maswali.

Ukifungua zipu, mara nyingi lateksi huwa na vitundu vidogo vilivyopangwa, rangi ya maziwa, na harufu kidogo ya mpira. Ibonyeze, na itarudi papo hapo. Ile inayobaki na alama ya kiganja na kurudi pole pole ni sponji ya aina nyingine.

Hesabu hiyo hiyo inafaa hata kwa sponji. Godoro la 4 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa karibu mita 0.45. Sponji ya densiti ya kilo 18 itakupa godoro la kilo 8 hivi, na ya kilo 30 itakupa karibu kilo 13 na nusu. Yote mawili yanaweza kuwa na maandishi ya "hai densiti" ubavuni, lakini mizani haisomi maandishi.

"Ya mgongo" ni maneno tu

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kuwa anayeumwa mgongo alalie kitu kigumu. Utafiti uliofanywa Uhispania na kuchapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2003 uliwafuatilia watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo. Waliopewa magodoro ya ugumu wa wastani waliendelea vizuri zaidi kuliko waliopewa magumu. Kwa hivyo usilipie zaidi kwa sababu tu limeandikwa "la mgongo", wala usichague gumu kama mbao ukidhani ndiyo dawa. Lala juu yake pale dukani, kwa ubavu, angalau dakika kumi. Ukiona aibu, kumbuka ni pesa za nani.

Tahadhari moja: kama nyumbani kuna mtu mwenye aleji ya mpira, kwa mfano anayewashwa na glavu za hospitali, zungumza na daktari kwanza kabla ya kununua lateksi ya asili.

Bei ya usiku mmoja

Tuchukue mfano wa hesabu. Wewe weka bei za duka lako.

Godoro la shilingi 8,000 linalozama baada ya mwaka mmoja na nusu linakugharimu karibu shilingi 15 kila usiku. La shilingi 18,000 linalodumu miaka 5 ni karibu shilingi 10. Lateksi haibridi ya shilingi 75,000 ikidumu miaka 12 ni shilingi 17 hivi.

Kumbe la bei ya chini siyo rahisi kama linavyoonekana. Lakini ukweli mwingine husemwa mara chache: hata la bei ya juu halikuokoi pesa. Kwa mwenye uwezo, lateksi ni starehe nzuri inayodumu. Usiuziwe kama akiba.

Sasa weka mkopo. Godoro lile lile la 75,000 ukichukua kwa lipa mdogo mdogo, kianzio 15,000 kisha 220 kila siku kwa mwaka mmoja, utakuwa umelipa 95,300. Hizo 20,300 za juu zingekununulia lile godoro la 18,000 na chenji ikabaki. Shilingi 220 kwa siku inasikika ndogo, na imepangwa isikike hivyo. Kabla hujakubali, zidisha kwa siku zote, jumlisha kianzio, halafu ulinganishe na bei ya taslimu. Kama unaweza kuweka hizo 220 mwenyewe kila siku, kwa simu au kwenye chama, utazifikisha 60,000 kwa siku 273. Miezi tisa ya subira si mingi kwa kitu utakacholalia miaka.

Kama mfuko haufiki

Kuna njia ya kati tunayoipendekeza kwa wengi: nunua godoro zuri la sponji nzito au springi, kisha uongeze baadaye kigodoro chembamba cha lateksi cha inchi 2 juu yake. Cha 4 kwa 6 kinapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 8. Utapata sehemu kubwa ya starehe ile kwa sehemu ndogo ya bei. Lakini usikiweke juu ya godoro lililokwisha kuzama. Shimo likifunikwa hubaki kuwa shimo.

Na kama unachotaka hasa ni kulalia kitu kilichotoka kwenye mti, watu wa Pwani hawakungoja tangazo. Godoro la sufi na la pamba limeshonwa na mafundi vizazi na vizazi. Linaanikwa juani, likishikana linafumuliwa na kujazwa upya. Ni kazi, ndiyo, na halina springi. Lakini unaona kwa macho yako kinachoingia ndani.

Pesa itoke vipi?

Ukishachagua, fanya hivi:

- Lipa kwa namba ya biashara, siyo namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka PIN. Jina likiwa tofauti na la duka, simama.
- Omba ulipe godoro likifika. Muuzaji akidai kianzio, kiwe kidogo, na risiti iandike vipimo, unene wa lateksi, asilimia ya asili na tarehe ya kuleta.
- Godoro likija limekunjwa na kubanwa kwenye plastiki, kubaliana mapema kwamba utalifungua. Lipe saa 24 hadi 48 lijae kabla ya kulipima unene.
- Uliza waranti inahesabu kuzama kwa kiasi gani, na nani analipa usafiri wa kurudisha.
- Usifute ujumbe wa malipo. Namba ya muamala, tarehe na jina ndio ushahidi wako.

Na hili ulijue mapema. Ukikosea namba, tupigie haraka, na kama pesa haijatumika tunaweza kusaidia kuirudisha. Lakini ukimlipa muuzaji uliyemkusudia halafu akuletee godoro tofauti, huo ni mzozo wa biashara, na hatuwezi kuchomoa pesa kwake kwa neno lako peke yako. Ndiyo maana risiti yenye maelezo ina nguvu kuliko ombi la kurudishiwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa unazohitaji, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro. Haki hiyo inasimama vizuri zaidi ikiwa na karatasi mkononi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ofa ya leo usiku itarudi wiki ijayo ikiwa na jina jingine. Godoro lako la sasa, kama halijazama, linaweza kungoja mpaka uone cheti, upime unene na uinue uzito. Baada ya hapo, lipa.